Seli shina kwa moyo uliofeli na kiharusi: kabla hamjauza kiwanja someni huu uzi

Mkata Zabibu:

Wakuu mbukwenyi, na wasio Wagogo habari za jioni.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta kama mara tatu, leo naupandisha hivihivi ulivyo, mwenye kusahihisha asahihishe.

Mzee wangu ana miaka 71, mkulima wa zabibu kule Mpunguzi, Dodoma, mtu ambae mpaka mwaka juzi alikua anaenda shamba na baiskeli na anarudi nayo imebeba majani ya mbuzi. Mwaka jana mwezi wa sita akaamka mkono wa kulia hautii, mguu haufuati, mdomo umeenda upande na maneno hayatoki. Tukamkimbiza mjini, siti skani ikaonesha ni damu iliyoganda ikaziba mshipa, sio mshipa kupasuka. Alafu wakampiga na eko, kile kipimo cha picha ya moyo, hapo ndio tukasikia jipya, moyo umetanuka, kila pigo unasukuma asilimia 30 tu ya damu iliyomo ndani wakati moyo wa mtu mzima wa afya unaanzia kama 55 hivi. Kumbe zile pumzi kukatika alizokua anasingizia vumbi la kiangazi hazikua vumbi. Daktari akatueleza kwamba kwa mzee magonjwa haya mawili ni ndugu, moyo ukilegea damu inatuama ndani kama maji ya mfereji yaliyokosa kasi, inaganda, siku kipande kikichomoka kinapanda kichwani.

Presha alikua nayo zaidi ya miaka kumi. Vidonge alikua anakunywa siku akijisikia kuumwa kichwa.

Sasa tuje kwenye mada. Dada yangu mkubwa ndio anaishi na mzee, Nkuhungu. Kuna mama mmoja wa kanisani kwao akamuingiza kwenye grupu la WhatsApp la vile vipakiti vya unga vyenye picha ya tofaa, wanaita seli shina (stem cells, yaani seli mama zinazoweza kuzaa seli nyingine), laki mbili na nusu boksi moja. Akaalikwa kwenye prezentesheni ukumbi mmoja pale Area C, akarudi na maboksi matatu na msamiati mpya kabisa, kila sentensi seli. Yule muuzaji akamwambia vidonge vya hospitali "vinaua seli mpya" kwa hiyo mzee apumzike navyo kwanza. Wiki tatu baadae miguu imevimba mpaka kidole kikibonyeza kinaacha shimo, mzee halali bila mito minne, tukamlaza siku tisa.

Mngedhani hapo ndio mwisho. Wapi. Mtu mwingine kwenye lile lile grupu akasema tatizo ni kwamba unga ni wa kuanzia tu, dawa yenyewe ni sindano, kuna kliniki nje ya nchi wanakuchoma seli shina kwenye mshipa na kwenye uti wa mgongo, moyo unajijenga upya na ubongo unaota upya, dola elfu 18 bila nauli. Dada akaitisha kikao cha familia, ajenda moja, kuuza kiwanja.

Mimi nikapinga, dada akaniuliza swali moja tu mbele ya mama wadogo na wajomba wote: "Mbona hapo hospitali ya Benjamin Mkapa wanawapandikizia watoto wa selimundu uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, na wanapona, hizo si seli shina hizo hizo?"

Wakuu nilikosa jibu. Nikaomba wiki mbili nikasome. Huu uzi ndio nilichokirudisha kikaoni, nimekipanua kidogo.

---

Afande wa Makole:

Nakaa siti ya mbele kabisa. Pole kwa mzee mkuu.

---

kiduku_lilo2:

Hao wa vipakiti walimpiga na mama mkwe wangu. Laki saba. Nasubiri jibu la hilo swali la dada maana na mimi silijui.

---

Mkata Zabibu:

Naendelea.

Jibu la dada ni NDIO. Zile ni seli shina kweli, na ndio maana utapeli huu unanoga, umejengwa juu ya kitu cha kweli. Kupandikiza uloto sio jambo la jana, daktari wa Marekani E. Donnall Thomas alianza miaka ya 1950 na akapewa Nobel 1990. Hapa Dodoma watoto wa selimundu wamekua wakipandikizwa tangu 2023. Seli shina za damu kazi yao ni moja, kutengeneza damu, na damu ni kitu ambacho mwili unakitengeneza kila siku mpaka unakufa. Wakipandikiza, kwanza wanausafisha ule uloto wa zamani kwa dawa kali, yaani wanang'oa shamba zima, alafu wanazimimina seli mpya kwenye mshipa kama damu ya kawaida, zenyewe zinajua njia, zinakwenda kukaa kwenye mifupa zinaanza kazi. Udongo upo, maji yapo, na mche umezaliwa kwa ajili ya shamba hilo.

Moyo sio hivyo. Mimi nimekulia kwenye zabibu, nielewe kwa zabibu. Pingili ya mzabibu ukiichomeka kwenye udongo uliolimwa, ukaimwagilia, inashika. Ukaichomeka ileile kwenye zege la baraza utaimwagilia mpaka Yesu arudi. Sehemu ya moyo iliyokufa inageuka kovu, na kovu ni zege. Mtu akipata shambulio kubwa la moyo anaweza kupoteza seli za misuli kama bilioni moja. Ukimwaga seli mpya pale damu yenyewe ni ya shida, nyingi zinachukuliwa na mkondo ndani ya masaa, zinazobaki nyingi zinakufa ndani ya siku chache.

Na moyo wenyewe hauna tabia ya kuota. Hili lilipimwa kwa njia ambayo ilinifurahisha sana, nitatoka nje ya mada kidogo mnivumilie. Mataifa makubwa yalipokua yanalipua mabomu ya nyuklia hewani miaka ya 1950 na 60, hewa ikajaa kaboni ya aina fulani, ikaingia kwenye mimea, ikaingia kwa watu, alafu majaribio yalipokatazwa ikaanza kupungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kila seli ya mwili wako ina kama muhuri wa mwaka iliozaliwa. Wasweden wakapima muhuri huo kwenye mioyo ya marehemu, wakachapisha 2009: kijana wa miaka 25 anabadilisha kama asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, mzee wa miaka 75 hata nusu asilimia haifiki. Yaani moyo unaozikwa nao sehemu kubwa ni ule uliozaliwa nao au wa utotoni. Sasa mtu anakwambia pakiti 14 za unga zinajenga moyo mpya.

Ule unga wenyewe sina maneno mengi. Seli ya tofaa ni seli ya tofaa, ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya mlenda. Tumekula ugali wa uwele toka enzi za mababu na hakuna Mgogo aliyeota uwele kifuani.

---

Dkt Uchwara:

Mkuu nakubaliana na wewe kwenye unga lakini kwenye sindano unakosea. Mimi nimeona klipu kabisa mzungu aliyepooza anainua mkono baada ya kuchomwa seli shina ubongoni, tena chuo kikubwa cha Stanford sio kliniki ya uchochoroni. Tusiwe tunapinga kila kitu kwasababu sisi ni masikini, wenzetu wanapona huko.

---

Mkata Zabibu:

Mkuu klipu hiyo hata dada alinionesha, na hujakosea, jambo lilifanyika kweli. Stanford, daktari Gary Steinberg, matokeo yalitoka 2016, wagonjwa 18 wa kiharusi cha muda mrefu, wakatobolewa fuvu tundu dogo wakawekewa seli. Baadhi waliinua mikono na miguu kuliko mwanzo, ikawa habari dunia nzima.

Sasa mchezo wote uko hapa. Wale 18 wote walijua wamewekewa seli. Hakukua na kundi la kulinganisha nalo. Ikabidi wafanye jaribio kubwa zaidi, watu zaidi ya 150, na safari hii baadhi walifanyiwa upasuaji wa geresha, yaani fuvu linachimbwa kidogo bila kutobolewa, mgonjwa hajui kama kapata seli au hajapata. Mwanzoni mwa 2019 wakatangaza, waliopata seli hawakuwazidi waliopata geresha. Na hawa wa geresha nao baadhi WALIPATA nafuu! Kwasababu mtu akiamini ametibiwa anajituma mazoezini, watu wanamshangilia, na yule anayempima nae anataka aone kitu.

Hiyo klipu ya 2016 bado inazunguka mpaka leo. Tangazo la 2019 nani alilitengenezea klipu?

Wajapani nao walijaribu kuwahi, wakawapa seli wagonjwa wa kiharusi kipya ndani ya siku moja na nusu, watu 206, matokeo yakatoka 2022, lengo kuu halikufikiwa.

---

Binti wa Kongwa:

Na kwa moyo? Baba mdogo wangu ana moyo kutanuka, hana kiharusi. Naomba ueleze taratibu mimi ni mtu wa biashara ya alizeti sijasoma sayansi 🙏

---

Mkata Zabibu:

Kwa moyo ndio kuna story ya kusikitisha kuliko zote, kaa vizuri.

2001 ikatoka makala kwenye jarida kubwa la Nature kwamba panya walioharibiwa moyo wakachomwa seli za uloto moyo ukaota misuli mipya. Jina kubwa kwenye kazi hiyo lilikua Piero Anversa, baadae akawa Harvard na hospitali yao ya Brigham, Boston. Dunia ikapagawa. Miaka mitatu tu baadae, 2004, maabara nyingine zikarudia zikasema sisi hatuoni misuli yoyote, seli za uloto zimebaki kuwa seli za damu. Lakini gari lilishaondoka, hela za utafiti zinamiminika, wagonjwa wanachomwa huku na kule. Anversa akaendelea, akasema moyo wenyewe una seli shina zake za ndani, jaribio la kuwapa wagonjwa likachapishwa kwenye Lancet 2011.

2017 ile hospitali na shirika lake wakalipa serikali ya Marekani dola milioni 10 kumaliza madai kwamba maombi ya fedha za utafiti yalibeba data za uongo kutoka maabara hiyo. Oktoba 2018 Harvard na Brigham wakataka makala 31 za maabara hiyo ziondolewe kwenye majarida. 31 wakuu. Ile ya Lancet nayo ikaondolewa 2019. Miaka karibu ishirini watu wanajenga ghorofa juu ya kiwanja chenye hati feki, sisi Dodoma tunaujua vizuri mchezo huo.

Sasa dada akaniambia haya huyo tapeli mmoja, wengine je. Swali la haki. Wengine walikua waaminifu na walijaribu kweli. Ulaya walianzisha jaribio la kuwapa waliopata shambulio la moyo seli za uloto wao wenyewe, walitaka watu 3,000 wakaishia kupata 375, matokeo 2020, vifo baada ya miaka miwili vilikua kati ya asilimia 3 na 4 pande zote, hakuna tofauti ya kuongelea. Marekani ndio jaribio kubwa kuliko yote la moyo uliofeli, wagonjwa 537, seli zinachomwa kwenye misuli ya moyo yenyewe kwa mpira unaopitishwa kwenye mshipa, likachapishwa 2023. Lengo lilikua kupunguza kulazwa kwa moyo kufeli. Halikupungua. Ila na mimi nisiwe muongo, kwenye kipengele kingine waliopata seli walionekana kupata shambulio la moyo na kiharusi wachache kuliko wenzao, kwa hiyo wapo wanasayansi wa maana ambao bado wanasema kuna kitu pale, labda sio kuota misuli, labda seli zinapoza uvimbe. Sawa. Labda. Ila labda haiuziwi kiwanja.

---

kiduku_lilo2:

"Labda haiuziwi kiwanja" 😂😂 naenda kuiweka steta.

---

Nesi Mstaafu:

Habari zenu wanangu. Mimi nimefanya kazi wodini miaka 34, nyingi wodi ya wanaume ya magonjwa ya ndani, nimestaafu niko zangu Kikuyu nafuga kuku. Mleta mada umeeleza vizuri ila umewaachia watu njaa. Umewaambia kisichofanya kazi, hujawaambia kinachofanya kazi.

Mgonjwa wa moyo uliofeli kusukuma kama baba yako siku hizi ana makundi manne ya dawa ambayo yamethibitika kuongeza siku za kuishi, na sio kwa watu 18, kwa maelfu na maelfu. La kwanza jamii ya enalapril au ile mpya inayochukua nafasi yake, la pili carvedilol au bisoprolol, la tatu spironolactone, la nne zile zilizoanza kama dawa za sukari, dapagliflozin na empagliflozin, baadae ikaonekana zinasaidia moyo hata kwa asiye na sukari. Lasix ni ya kutoa maji, inampa nafuu, lakini sio moja ya hayo manne, na kosa ninalolikuta majumbani kila siku ni mtu kunywa Lasix peke yake kwasababu ndio anayoona ikifanya kazi, anakojoa, anasema dawa hii kali. Zile nyingine hazikuoneshi kitu leo. Zinafanya kazi kimyakimya, unaiona tofauti kwenye eko baada ya miezi. Nimewaona waliotoka asilimia 25 wakafika 45, si wengi lakini nimewaona, bila seli ya mtu.

Dozi zinaanza ndogo zinapanda taratibu, daktari anaangalia presha, figo na potasiamu. Usijipandishie mwenyewe. Na usiache ghafla, mmeshaona wenyewe kilichompata mzee.

Kingine nunueni mizani. Kila asubuhi akishakojoa, kabla hajanywa chai, apande. Uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu hayo sio mafuta hayo ni maji, pigeni simu au mleteni siku hiyo hiyo, msisubiri miguu ivimbe. Chumvi ipungue, na dagaa wa chumvi na yale maviungo ya pakiti ya supu ni chumvi hiyo hiyo.

Kwa kiharusi, kila dakika mshipa umeziba seli za ubongo zinazokufa ni karibu milioni 2, na dawa ya kuyeyusha damu ina dirisha la masaa manne na nusu. Kwa hiyo mdomo umeenda upande, mkono umeanguka, maneno yamekwama, hakuna kumpaka mafuta wala kumpeleka kwa mtu. Hospitali. Mkifika tajeni saa ya mwisho alipoonekana mzima, hilo ndilo la kwanza wanalohitaji.

---

Binti wa Kongwa:

Mama asante sana. Mizani naenda kununua kesho, baba mdogo hajawahi kupima uzito tangu kadi ya kliniki 😅

---

Mtu wa Mazoezi:

Naongezea kwa nesi. Mimi ni fiziotherapia, sitaji ninapofanyia kazi. Huwa nasikitika familia inauliza habari ya sindano ya milioni 45 alafu mgonjwa nilimwambia aje mara mbili kwa wiki amekuja mara mbili kwa mwaka.

Ubongo hauoti seli mpya za maana pale palipokufa, ila sehemu zilizobaki zinajifunza kazi za jirani aliyekufa. Zinajifunza kwa kurudia rudia, sio mara kumi, mamia ya mara. Kushika kikombe, kuachia. Kushika, kuachia. Kumenya karanga. Kukunja kanga. Kama kiganja kina mwendo kidogo kuna mbinu ya kuufunga ule mkono usiopooza kwenye glovu masaa mengi ya mchana ili ule mkono mgonjwa ulazimike kufanya kazi, ilifanyiwa jaribio kubwa Marekani likatoka 2006 na ilishinda huduma ya kawaida. Glovu. Hata soksi inafaa. Ila mkono ambao haujaanza kusogea kabisa usiufanyie hivyo utamtesa bure, muulize mtaalamu.

Na jamani msimvute mgonjwa kwa ule mkono uliopooza mkimuinua! Bega linachomoka kidogo kidogo, maumivu yake hayaishi leo wala kesho. Mnyanyueni kwa kiuno, fungeni khanga au mkanda mpana. Uji awe amekaa wima, asilishwe amelala, unaingia kwenye mapafu.

Msimkimbize pia. Lilifanyika jaribio la kuwatoa watu kitandani kwa nguvu na mara nyingi ndani ya masaa 24 ya kwanza, matokeo 2015 yakaonesha waliokimbizwa walitoka vibaya zaidi. Siku za kwanza kidogo kidogo, ukishatulia ndio unakaza.

---

Dkt Uchwara:

Sawa nimewaelewa, ila mi nauliza kitu kimoja, kama hazina faida si hazina madhara pia? Mwenye hela yake akachomwe tu, anapoteza hela basi.

---

Mkata Zabibu:

Hapana mkuu, hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoogopa.

Kuna kesi ilichapishwa 2016 kwenye jarida la madaktari wa Marekani, mwanaume wa miaka 66 aliyepata kiharusi, ana uwezo, akazunguka kliniki za China, Argentina na Mexico akichomwa seli kwenye maji ya uti wa mgongo. Alienda anatembea kwa shida upande mmoja. Akarudi, baada ya muda miguu ikaanza kupooza. Kumpima, uti wa mgongo una uvimbe mkubwa unaokua, kupima vinasaba vya uvimbe, sio vyake! Ni seli za mtu mwingine kabisa zimeota ndani yake. Yani pingili ilishika kweli ila ilishika mahali sipo.

2017 wakaripoti kina mama watatu Florida, waliochomwa seli za mafuta ya tumbo lao kwenye macho yote mawili siku moja, wakalipa dola 5,000 kila mmoja, wakapofuka au karibu na kupofuka. Na hiyo ni Marekani kwenyewe, sio uchochoroni.

Kipimo nilichokipata cha haraka ni hiki: kwenye jaribio la kweli la dawa mgonjwa halipii dawa inayojaribiwa, unasainishwa karatasi inayokwambia wazi kwamba inaweza isikusaidie, na kuna kamati ya maadili inayosimamia, hapa kwetu ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Anayekutoza dola elfu 18 na kukuhakikishia asilimia 90 huyo hajaribu kitu, anauza. Na ukiona seli hizo hizo zinatibu moyo, kiharusi, sukari, ukimwi na kukosa mtoto, kunja jamvi uondoke.

---

Afande wa Makole:

Kwa hiyo hii kitu imekufa kabisa? Maana mimi ni kijana wa miaka 30, nataka kujua uzeeni kwangu itakuaje.

---

Mkata Zabibu:

Haijakufa. Imehama mlango. Mjapani Shinya Yamanaka 2006 alichukua seli za kawaida za panya akazirudisha utotoni, 2007 akafanya kwa za binadamu, Nobel 2012. Maana yake unaweza kuchukua seli ya ngozi ukaifanya iwe seli shina, alafu ukailea maabara mpaka iwe msuli wa moyo wenyewe, unadunda kwenye sahani. Kwa hiyo hawamwagi tena mbegu kwenye zege wakiomba mvua, wanakuja na turubai la misuli iliyokwisha kuota wanalibandika juu ya moyo. Osaka walimbandika mgonjwa wa kwanza mwanzoni mwa 2020. Wajerumani wa Göttingen wakachapisha mwanzoni mwa 2025 habari ya mama wa miaka 46 aliyebandikwa viraka vyenye seli milioni 400, akasubirishwa navyo miezi mitatu mpaka akapata moyo wa kupandikizwa, na walipoutazama ule moyo wa zamani wakakuta kiraka kiko hai na kina mishipa ya damu. Hicho ndio kimenipa matumaini kuliko klipu zote. Ila mgonjwa anahitaji dawa za kushusha kinga, na kwenye nyani huko nyuma seli mpya zilifanya moyo udunde ovyo kwa muda, kwa hiyo wanatembea kwa kunyata. Mzee wangu hawezi kukisubiri. Wewe wa miaka 30, shusha presha yako ufike huko.

Na presha sio utani, kuna utafiti ulifanyika hapa hapa Tanzania ukachapishwa 2010, Dar walikuta viharusi vipya kama 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Hai kule Kilimanjaro kama 109, na hiyo ni baada ya kusawazisha umri. Mjini ni mara tatu ya shamba. Na Dodoma ndio tunajenga mji sasa hivi, chipsi kila kona.

---

mama_K_Nkuhungu:

Mimi ndio dada anayesemwa humu. Nimetumiwa link na mtoto wa shangazi, na lile jina lako Mkata Zabibu hata mtoto angekujua.

Nimesoma mwanzo mpaka mwisho. Sibishani na za Harvard. Lakini mdogo wangu umeandika maneno yote haya hujaandika kwamba wewe unakuja Jumapili unakaa saa moja unaondoka. Mimi ndio namgeuza baba saa nane usiku. Mimi ndio nilikaa foleni tangu asubuhi nikaambiwa rudini baada ya miezi mitatu, mlangoni, daktari amesimama. Yule mama wa unga alikuja nyumbani kwangu akakaa kwenye mkeka, akamshika baba mkono, akasikiliza masaa mawili. Hamjui alivyoniangalia. Mngekua ninyi mngenunua pia. Hapo nesi peke yake ndio kanipa kitu cha kufanya kesho asubuhi, na huyu wa mazoezi.

Vidonge vya hospitali nilishamrudishia baba, wote mnajua, tangu alivyotoka kulazwa hajaruka hata siku moja, nimeviweka kwenye trei ya mayai nimeandika siku.

---

Nesi Mstaafu:

Mwanangu nimekusoma. Trei ya mayai nimeipenda, ningeijua ningewafundisha wengi. Nitumie ujumbe pembeni, mimi niko Kikuyu sio mbali, nitakuja tupange zamu za kumgeuza na nimuangalie mgongo usije ukachubuka.

---

Mkata Zabibu:

Dada umenipiga hadharani na umenipiga mahali pake. Sina utetezi. Kuanzia wiki hii Jumamosi na Jumapili usiku nalala huko, wewe ulale.

Kiwanja je?

---

mama_K_Nkuhungu:

Kiwanja nimemwambia dalali asubiri. Sijasema siuzi, nimesema asubiri, fiziotherapia nae ni hela na bajaji ya kwenda na kurudi ni hela, mtachangia ninyi au nitauza.

Boksi moja la unga halijafunguliwa, yule mama hapokei simu.

Baba jana kashika kikombe cha plastiki kwa ule mkono, kikamwagika chote, akacheka. Ukija Jumamosi njoo na soksi nene, na betri za mizani, hizi zimekwisha.